Namba kwenye tanga: jibu langu kwa Ami

Najua nimewanyamazia muda mrefu. Zamu za usiku zimeniandama, na nikirudi asubuhi ninachokitaka ni kitanda tu. Lakini leo nina mapumziko, chai ya tangawizi iko mezani (tangawizi ya huku haina ukali, lakini tutafanyaje), na nina deni la kulipa.

Deni lenyewe ni la Ami wa Mkokotoni. Shikamoo Ami. Wengine hamjui kisa, basi nikisimulie kidogo. Ami alinipigia simu akiwa na hasira zake. Alikuwa ametoka na mashua yake alfajiri, akarudishwa pwani kwa sababu namba ya usajili ubavuni haisomeki. Akaambiwa aipake upya, na stika ya mwaka aibandike panapoonekana, si ndani ya sanduku la nyavu. Sasa mnamjua Ami. Mashua yake ni ya kijani, namba kaiandika kwa buluu, na ile saba kaipambia mkia kama wa samaki. Akaniuliza: "Hebu nambie mwanangu, na huko kwenu Ulaya mashua zinaandikwa namba kama gari? Nani hasa aliyeanzisha balaa hili?"

Nikamwambia nitamtafutia jibu. Nilidhani litakuwa la mistari miwili. Limenichukua majuma matatu, na mwisho limenirudisha nyumbani kwetu wenyewe, kwa Bibi. Kwa hiyo tulieni.

Nianze na huku nilipo. Stockholm imejengwa juu ya visiwa, upande mmoja ziwa Mälaren na upande mwingine bahari ya Baltiki, na ukitoka nje ya mji kuna visiwa na vijisiwa vinavyokaribia 30,000. Ndiyo, elfu thelathini. Vingi ni mwamba tu na misonobari miwili mitatu. Kwa hiyo watu wa hapa ni watu wa boti, hata kama kazi yao ni ofisini. Msimu wa baridi maji yanaganda, boti zote zinapandishwa nchi kavu na kufunikwa maturubai, na ikifika mwezi wa Mei unawaona madaktari na walimu wamelala chini ya boti zao wakisugua na kupaka rangi, nguo zimechafuka kama mafundi wa Nungwi. Mimi nikiona hivyo nacheka peke yangu. Namkumbuka marehemu Babu na deheni yake.

Mwenzangu mmoja wa wodini, mama wa makamo, ana boti ndogo ya mbao katika kisiwa cha Långholmen. Jumamosi moja alinialika nikamsaidie kabla hawajaishua. (Huku mtu mzima unamwita jina lake tupu. Miaka yote hii bado ulimi wangu unakuwa mzito.) Nikaona ubavuni mwa boti, karibu na omo, pana herufi na tarakimu zilizopauka. Nikafurahi, nikasema hili hapa jibu la Ami! Nikamuuliza hii ndiyo namba ya usajili? Akacheka. Akasema hiyo ni namba ya daftari lililokufa zamani.

Kumbe mwaka 1988 serikali ya Sweden ilianzisha daftari la lazima la boti za starehe. Kila mwenye boti ya kiasi fulani alitakiwa aiandikishe, alipe ada, na aweke namba ubavuni. Watu wakalalamika kama Ami anavyolalamika, tena kwa maneno yaleyale: bahari haina mwenyewe, hii ni kodi tu imevishwa nguo nyengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali nyengine ikalifuta. Tangu hapo boti ya kawaida ya kutembelea haina lazima ya namba ubavuni. Boti mpya zina namba ya bodi yenye herufi na tarakimu 14, imepigwa kwenye shetri upande wa kulia, lakini hiyo ni ya kiwanda, ndogo, lazima uiinamie. Mwenzangu hajaifuta ile ya zamani kwa sababu aliiandika marehemu baba yake kwa mkono.

Lakini Ami, usifurahi mapema. Hayo ni ya boti za kutembelea. Wewe ni mvuvi, na mvuvi wa hapa angekutana na herufi na namba kubwa pande zote mbili za omo, kama wewe. Na hapo ndipo historia inapoanza kunoga.

Wavuvi wa Ulaya waliandikwa namba kabla yenu. Uingereza ilitunga sheria ya uvuvi mwaka 1868 iliyotaka kila mashua ya uvuvi iwe na herufi ya bandari yake na namba yake. Sababu ilikuwa ugomvi. Mashua za mataifa mbalimbali zilivua pamoja katika Bahari ya Kaskazini, zikakatiana nyavu usiku, na asubuhi hakuna anayemjua aliyefanya. Mwaka 1882 nchi sita (Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Ubelgiji, Uholanzi na Denmark) zilikutana mjini The Hague zikaandika mkataba, na ndani yake wakapima hadi ukubwa wa herufi. Mashua ya tani 15 na zaidi, herufi ziwe na kimo cha sentimita 45 na unene wa sentimita 6. Mashua ndogo zaidi, kimo sentimita 25 na unene sentimita 4. Nyeupe juu ya nyeusi, omoni, na tena kwenye tanga kubwa.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1987 Jumuiya ya Ulaya ilitoa kanuni zake za kuandika namba kwenye vyombo vya uvuvi. Chombo cha urefu wa zaidi ya mita 17: kimo 45, unene 6. Cha kati ya mita 10 na 17: kimo 25, unene 4. Vipimo vilevile baada ya miaka 105! Mimi nilikaa nikaviangalia mara mbili. Matanga yamekwisha, injini zimekuja, redio zimekuja, vita viwili vya dunia vimepita, na unene wa mstari wa rangi umebaki sentimita nne.

Marekani nao wana yao. Waliweka sheria ya namba za boti za injini mwaka 1918, wakaibadilisha mwaka 1958 ili kila jimbo liandikishe boti zake. Ndiyo wenye mtindo wa herufi za jimbo, tarakimu, na stika pembeni yake. Sitakaa sana huko, maana swali la Ami si la Marekani. Swali ni nani aliyetuandika SISI.

Jibu: tuliandikwa Brussels, mwaka 1890.

Ule mkutano ulianza Novemba 1889 ukamalizika tarehe 2 Julai 1890, na shabaha yake iliyotangazwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa Afrika. Mwenyeji wao alikuwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, huyohuyo aliyekuwa akiimiliki Kongo na kuwatesa watu wake kwa ajili ya pembe na mpira. Hilo nalipita, lakini nimelitaja ili mjue ni nani aliyekuwa akikaribisha wageni. Madola 17 yalitia sahihi. Nikasoma orodha ya majina yao, na jamani, nikasimama kitini. Zanzibar imo. Na Sweden imo, wakati huo ikiwa pamoja na Norway chini ya mfalme mmoja. Nchi niliyozaliwa na nchi inayonilipa mshahara zilitia sahihi karatasi moja, na karatasi hiyo inahusu majahazi.

Sehemu kubwa ya mkataba ule ni habari za vyombo vyetu. Waliviita vyombo vya wenyeji, wakavieleza: chombo chenye umbo au tanga la kienyeji, au ambacho nahodha wake na mabaharia wake wengi ni watu wa pwani za Bahari ya Hindi, Bahari ya Shamu au Ghuba. Kila chombo cha namna hiyo, ili kiruhusiwe kupeperusha bendera ya dola fulani, mwenyewe awe raia wa dola hilo au yuko chini ya ulinzi wake, awe na mali isiyohamishika au mdhamini, awe na sifa njema na asiwe amewahi kuhukumiwa kwa kusafirisha watumwa. Ruhusa ifanywe upya kila mwaka. (Ami, stika yako ya kila mwaka ina babu yake!) Jina la chombo na uzito wake vichongwe na kupakwa rangi kwenye shetri kwa herufi za Kilatini. Na herufi za mwanzo za bandari yake, pamoja na namba yake katika daftari la bandari hiyo, zipigwe kwa rangi nyeusi kwenye matanga.

Kwenye matanga, Ami. Wewe unalalamikia ubavu.

Hapo kuna jambo moja linalonishughulisha. Herufi za Kilatini. Manahodha wa wakati ule, waliojua kusoma, walisoma herufi za Kiarabu. Mabaharia wengi hawakusoma kabisa. Chombo walikijua kwa umbo lake, kwa mkato wa tanga, kwa gubeti, kwa mapambo ya omoni. Mtepe wa Lamu ulikuwa na macho yaliyochorwa na omo iliyonyooka kama shingo ya ngamia, nani angeuliza namba? Babu aliweza kukwambia mashua ya nani inakuja kabla hujaona hata watu ndani yake. Kwa hiyo ile namba nyeusi haikuandikwa kwa ajili yetu. Iliandikwa kwa ajili ya ofisa wa manuari aliyesimama mbali na darubini, asiyetujua na asiyeijua lugha yetu, lakini mwenye daftari.

Je, ilikuwa dhuluma tu basi? Mimi nilitaka kusema ndiyo. Ningeandika kijibu kitamu, Ami angefurahi, tungewatukana wakoloni pamoja tukamaliza. Kilichonizuia ni maneno ya Bibi.

Wengi wenu wa ukoo mnajua, ingawa hatuyasemi mbele za watu. Bibi alipokuwa mdogo kule Pemba, alilelewa na bibi yake. Na huyo bibi yake Bibi hakuzaliwa Pemba. Alitoka bara akiwa mtoto wa miaka minane au tisa, hakujua mwenyewe hasa. Alivushwa usiku, akateremshwa kwenye mikoko, akapelekwa shamba la mikarafuu. Tulipokuwa watoto tuliambiwa tu "alikuja kutoka bara", kama mtu aliyekuja kutembea. Siku moja nilimuuliza Bibi kwa nini manuari za Waingereza hazikulizuia jahazi lile. Akanijibu kwa maneno aliyoyasikia kwa bibi yake: chombo kilikuwa na bendera, na chombo chenye bendera hakiguswi.

Niliyasikia maneno hayo nikiwa msichana na sikuyaelewa. Majuma haya matatu nimeyaelewa.

Mnakumbuka mambo ya shule: Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza Juni 1873, soko la watumwa la Mkunazini likafungwa, usafirishaji kwa bahari ukapigwa marufuku. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo, 1872, kimbunga kilikuwa kimeangusha mikarafuu ya Unguja. Pemba ilinusurika zaidi, mashamba yakahamia huko, na mashamba yakataka mikono. Marufuku ipo, na njaa ya wafanyakazi ipo. Mtajaza wenyewe. Waingereza waliegesha merikebu yao London bandarini Zanzibar kwa miaka kumi hivi, 1874 hadi 1884, na boti zake ndogo zilikuwa zikizunguka Pemba kukamata majahazi.

Ila jahazi lenye bendera ya Ufaransa hawakuruhusiwa kulipekua. Ufaransa haikutaka meli zake zisimamishwe na Mwingereza, na ugomvi huo ulikuwa wa zamani baina yao, haukutuhusu sisi hata kidogo. Kwa hiyo mwenye jahazi mjanja alitafuta karatasi za Kifaransa, akapandisha ile bendera ya rangi tatu, akapita. Desemba 1881 nahodha wa ile merikebu London, Charles Brownrigg, aliliona jahazi karibu na Pemba likipeperusha bendera ya Ufaransa. Akasogea na boti yake ya mvuke ili ahakikishe karatasi tu. Ndani ya jahazi walikuwamo watumwa. Watu wa jahazi walifyatua bunduki, na Brownrigg akauawa palepale. Habari ilifika Ulaya, ikawa kelele kubwa. Bibi yake Bibi naye, nikipiga hesabu, alivushwa miaka michache baada ya kisa hicho, kwa ujanja uleule.

Sasa ukirudi Brussels unaona kwa nini walihangaika na bendera, na daftari, na namba kwenye tanga. Bendera inapandishwa na kushushwa kwa dakika moja. Namba iliyopigwa kwenye tanga haishuki mpaka ushushe tanga lenyewe, na ukishusha tanga huendi popote. Mwenye darubini anaisoma, anaiandika, anaipeleka afisini. Mkataba uliweka ofisi ya kimataifa Zanzibar kwetu, ya kukusanyia habari hizo zote. Na pamoja na namba waliweka jambo jengine ambalo mimi kama muuguzi limenigusa kuliko yote: orodha. Nahodha asichukue baharia Mwafrika wala abiria Mwafrika bila watu wa serikali kumwuliza mtu huyo mwenyewe kama anasafiri kwa hiari yake. Majina yaandikwe. Mtoto asipandishwe bila jamaa yake au mtu anayejulikana kwa sifa njema.

Miaka michache mapema, mtoto mmoja angeulizwa.

Hayakutekelezwa vizuri, msidhani. Ufaransa ilikubali mkataba Januari 1892 lakini ikavikataa vifungu vya kupekuliwa. Wenye majahazi wa Sur, kule Oman, waliendelea na karatasi zao za Kifaransa, Sultani Faisal bin Turki wa Muscat akichukia raia wake kujifanya Wafaransa ndani ya bandari yake mwenyewe. Mwisho Uingereza na Ufaransa zikapelekana mahakama ya usuluhishi The Hague. Waamuzi watatu, Mmarekani, Muaustria na Mholanzi, walitoa hukumu tarehe 8 Agosti 1905: kabla ya tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa ilikuwa na haki ya kuwapa bendera raia wa Sultani kwa sheria zake, baada ya hapo iwape wale tu walioweza kuthibitisha kuwa walikuwa chini ya ulinzi wake tangu kabla ya 1863. Yaani bendera ikawa kitu cha kuthibitisha, si kitambaa cha kununua. Hukumu hiyo bado inasomeshwa kwa wanafunzi wa sheria za kimataifa, majahazi ya Sur yametajwa humo, na sisi hatuambiwi.

Waswidi nao wasijione safi katika habari hii. Nilimsimulia mwenzangu wa Långholmen, akasema kwa fahari kidogo, "Kumbe nasi tulisaidia." Nikamkumbusha Saint-Barthélemy, kisiwa cha Karibiani kilichokuwa mali ya Sweden kuanzia 1784 hadi 1878, na utumwa ulihalalishwa huko mpaka 1847. Alikuwa hajui. Tulikunywa kahawa yetu kimya, kisha tukarudi kwenye kusugua.

Basi Ami, hilo ndilo jibu la nani aliyeanzisha. Sasa habari ya mashua yako, maana hasira yako nyengine naikubali na nyengine siikubali. Nakubali kwamba kumrudisha mtu pwani akiwa ameshatia mafuta na barafu si uungwana, wangeweza kukupa siku chache. Lakini buluu juu ya kijani, Ami! Hata mimi mtoto wako siisomi kwenye picha uliyonitumia. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa mwongozo mwaka 1989 wa kuandika vyombo vya uvuvi, na rangi walizozitaja ni mbili tu: nyeupe juu ya nyeusi au nyeusi juu ya nyeupe. Hakuna buluu. Paka kwanza kipande cheupe kinachozidi namba pande zote, kiache kikauke siku nzima, kisha nyeusi ya mafuta juu yake. Herufi zisimame wima, bila mikia. Mapambo yako yahamishie kwenye jina la mashua, huko hakuna anayekukataza. Iwe juu kabisa ya mstari wa maji, pande zote mbili za omo, mahali ambapo nyavu zikining'inia hazitaifunika. Kimo kinachotakiwa waulize hukohuko, usifuate sentimita za Ulaya. Na mwaka hadi mwaka, stika mpya ikija, ya zamani ibandue. Stika tatu za miaka mitatu pamoja ni kama dawa tatu kwenye kikombe kimoja, hakuna anayejua ipi ya leo.

Najua utasema namba haiokoi mtu. Nimelifikiria hilo zaidi ya ulivyodhani. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander ilipozama baina ya Unguja na Pemba, mimi nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi. Nilikwenda Maisara, viwanja vilipowekwa miili ili watu watambue jamaa zao. Kazi yangu ilikuwa maji na viti kwa kina mama waliokuwa wakingoja. Meli ilikuwa na jina lake limeandikwa ubavuni, kubwa, kila mtu analisoma. Lakini watu waliokuwamo hawakujulikana idadi yao. Tume iliyoundwa baadaye ilipomaliza hesabu, waliokufa na wasioonekana walikuwa zaidi ya 1,500. Siku ile pale viwanjani, mama mmoja aliniuliza mara tatu kama ninayo orodha. Alidhani nguo yangu nyeupe ni ya mtu mwenye orodha. Mwaka uliofuata, Julai 2012, ikaja Skagit.

Kwa hiyo ninapoisoma ile karatasi ya Brussels, jicho langu haliendi kwenye tanga. Linakwenda kwenye orodha. Namba ya chombo tuliishika, tumeirithi, tunarudishana nayo pwani hadi leo. Ile nusu ya pili, ya kumwuliza kila anayepanda jina lake na anakokwenda, ndiyo iliyokuwa ngumu kushikwa, wakati ule na baadaye.

Hapa kazini kwangu mgonjwa akipokelewa anavishwa utepe mkononi wenye jina lake na namba yake ya utambulisho, namba ambayo kila mkaazi wa Sweden anayo tangu walipoianzisha mwaka 1947. Kabla ya kumpa hata kidonge kimoja tunasoma namba, na tunamwuliza: unaitwa nani? Hata kama nimemuhudumia juma zima. Wazee wengine hukasirika, "Si unanijua wewe!" Namjua, naam. Nauliza hivyohivyo. Miezi yangu ya mwanzo huku, kabla sijapata namba yangu mwenyewe, sikuweza kufungua akaunti ya benki wala kukopa kitabu maktaba. Afisi moja ilinipeleka kwa nyengine na nyengine ikanirudisha ya kwanza, nikiwa na shahada yangu mkobani. Hiyo ni hadithi ya siku nyengine. Lakini kila siku ile nilijiona kama chombo kisicho na bendera, sina pa kutia nanga.

Ami, nimekukatia vibao vya plastiki vya kupakia namba, tarakimu zote kumi na herufi zako, kimo sentimita 25 (zikizidi kipimo chenu utazipunguza). Mwenzangu alinipa plastiki na kisu. Atavileta jamaa wa Kiembesamaki anayekuja likizo mwezi ujao, pamoja na dawa ya magoti ya Bibi. Usivitumie kwa mara ya kwanza kwenye mashua, jaribu kwanza kwenye ubao.

Na nina ombi moja, Ami, ndiyo maana nimeandika yote haya. Bibi ana miaka themanini na kitu, na kwenye simu hanisikii vizuri. Siku akiwa na nguvu, baada ya alasiri anapokaa barazani, kaa naye umwulize: yule bibi yake, kabla hajapewa jina la huku, kwao bara alikuwa akiitwa nani? Bibi aliwahi kuniambia kwamba yeye analijua, kwamba bibi yake alimtajia mara moja wakiwa wanachambua karafuu. Wakati ule sikuwa na kalamu, na sikudhani nitahitaji. Likija jina, liandike mahali, kwa herufi zozote, unitumie.

Nawasalimu wote. Mama, nakula vizuri, usiwe na wasiwasi.